Sura ya Saba: Diski ya Pili

Mteja anapomletea fundi laptopu iliyochoka, ombi lake karibu kila mara ni hilohilo: "Fundi, niwekee SSD, ila vitu vyangu vyote vibaki kama vilivyo." Fundi naye hujibu, "Hamna shida, bosi," na mara nyingi kweli shida haipo. Lakini wawili hao hawazungumzii kitu kimoja. Mteja anawaza picha za harusi, hesabu za duka na barua ya maombi ya mkopo. Fundi anawaza vitu ambavyo mteja hajawahi kuviona hata mara moja, na ambavyo visipokuwepo kompyuta haiwaki.

Chukua laptopu ya mtumba ya kawaida, HP EliteBook au Dell Latitude iliyotumika ofisini Ulaya kisha ikaja kuuzwa Kariakoo au Moi Avenue, Nairobi. Ukiitazama diski yake kwa programu inayoonyesha mgawanyo, utakuta imekatwa vipande vitatu au vinne. Kipande kikubwa ndicho kile unachokifahamu kwa jina la C. Mbele yake kuna kipande kidogo cha megabaiti 100 hivi chenye maelekezo ya kuamsha mfumo, kingine cha megabaiti 16 ambacho Windows imejitengea, na mara nyingi mwishoni kuna cha kurekebishia mfumo ukiharibika. Vipande hivyo vidogo havina herufi wala haviorodheshwi pamoja na folda zako. Kwa hiyo anayebeba mafaili yote ya C na kuyabandika kwenye diski mpya amepata picha zake na hesabu zake, lakini amepata pia diski isiyoweza kuwasha kompyuta.

Kukloni ni kazi nyingine. Programu ya kukloni haijali kama inachosoma ni picha, wimbo au takataka. Huanzia mwanzo wa diski, pale palipoandikwa ramani ya vipande vyake, ikaendelea kipande kwa kipande, ikiandika kila kitu kwenye diski nyingine kwa mpangilio uleule. Ni sawa na mtu anayenakili kitabu pamoja na jalada, namba za kurasa na doa la chai lililoko pembeni. Kazi ikiisha unatoa diski ya zamani, unaweka mpya, unabonyeza kitufe, na kompyuta inaamka na picha ileile uliyoiweka kwenye skrini, nywila zilezile za Wi-Fi na mafaili yaleyale uliyoyatawanya ovyo. Kama kulikuwa na kirusi, nacho kimehamia nyumba mpya pamoja nawe. Hili la kirusi tutalirudia, maana ndilo linaloponza watu waliodhani wana akiba.

Zamani kazi hii ilihitaji fundi mwenye subira. Mwaka 1995, huko Auckland, New Zealand, Murray Haszard wa kampuni ya Binary Research alitengeneza programu iitwayo Ghost, iliyoweza kuchukua diski moja iliyokwisha kupangwa vizuri na kuizalisha kwenye mashine nyingi. Symantec ya Marekani iliinunua mwaka 1998, na aliyewahi kufunga kompyuta za intaneti kafe miaka ya 2000 huenda bado anaikumbuka CD yake. Leo anayetaka kufanya kazi hii bila kulipa anatumia Clonezilla, iliyotengenezwa Taiwan na inayogawiwa bure. Haina madoido: unaiweka kwenye flashi, unawashia kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, kisha unasoma maandishi na kubonyeza mishale ya kibodi. Faida yake kubwa ni kwamba Windows yenyewe inakuwa imelala wakati wa kunakili, kwa hiyo hakuna faili linalobadilika huku linasomwa. Kwa wasiopenda maandishi, watengenezaji wa SSD kama Samsung hutoa programu zao zenye vitufe, mradi diski unayohamia ni ya kwao.

Sehemu inayotisha katika kazi yote hii ni moja tu, nayo ni kujua ipi inatoa na ipi inapokea. Diski inayopokea hufutwa yote, haiulizwi ina nini. Ukizigeuza, programu itaichukua diski mpya isiyo na kitu na kuuandika utupu huo, kwa uaminifu mkubwa, juu ya miaka kumi ya kazi yako. Katika dd, amri ya kale ya Unix ambayo mafundi bado wanaitumia, diski ya kusomwa huandikwa "if" na ya kuandikiwa huandikwa "of". Herufi moja tu ndiyo inayotenganisha uzima na mauti, na amri hiyo haikuulizi mara ya pili. Clonezilla hukuuliza mara mbili, lakini nayo huita diski kwa majina kama sda na sdb, majina ambayo kwa mtu wa kawaida hayasemi lolote, na ambayo yanaweza kubadilishana kesho ukichomeka flashi kwenye tundu jingine.

Ushauri wangu ni wa kizamani: usisome jina, soma ukubwa na chapa. Diski ya zamani ni Seagate ya 500, mpya ni Kingston ya 480. Hayo yote mawili huonekana kwenye skrini. Zikiwa za ukubwa mmoja na kampuni moja, nakili kwenye karatasi namba ndefu iliyochapwa kwenye lebo ya kila moja kabla hujafunga mfuniko. Na kazi yenyewe ifanywe asubuhi, akili ikiwa haijachoka.

Neno "asubuhi" sikulitia kwa kujaza ukurasa. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu wa dunia nzima, alikuwa akihangaika na seva mbili za hifadhidata. Moja ilikuwa kuu, ya pili ilikuwa ikiifuata nyuma na kunakili kila kinachotokea. Ile ya pili ilikuwa imeachwa nyuma mno, akaamua kuifuta ili ianze kunakili upya. Amri ya kufuta akaitoa kwenye ile kuu. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili, akaisimamisha, lakini kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5. Huyo hakuwa mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Alikuwa mtaalamu, na alikosea pale pale ambapo wewe na mimi tunaweza kukosea, kwenye kuchagua ni ipi kati ya mbili.

Kilichofuata ndicho kinachofundisha zaidi. GitLab walikuwa na njia kadhaa za kutoa bakapu, na moja baada ya nyingine ilikutwa haisaidii. Ile ya kila siku ilikuwa ikishindwa kimyakimya, kwa kuwa programu yake ilikuwa ya toleo lisiloendana na hifadhidata. Barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko nazo zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono yapata saa sita kabla ya ajali, kwa shughuli nyingine kabisa ya majaribio. Waliyaeleza yote hadharani, hata wakaonyesha kazi ya urejeshaji moja kwa moja kwenye YouTube, na kwa hilo wanastahili heshima. Makampuni mengi yangesema "hitilafu ya kiufundi" na kunyamaza.

Turudi mezani kwa fundi, kuna la ukubwa. Diski ya zamani imeandikwa gigabaiti 500, na dukani SSD zilizojaa ni za 240, 256, 480 na 512. Mteja ananunua ya 480 akiona tofauti ni ndogo. Ni ndogo kweli, lakini inatosha kuharibu mchana mzima, kwa sababu Clonezilla kwa kawaida hukataa kunakili kutoka diski kubwa kwenda ndogo hata kama ile kubwa ina gigabaiti 90 tu zilizotumika. Programu za watengenezaji wa SSD mara nyingi hulimaliza hilo zenyewe kwa kupunguza kipande cha C, mradi vilivyomo vinatosha. Anayetumia Clonezilla atajiepushia maumivu ya kichwa kwa kuongeza pesa kidogo na kuchukua ya 512.

Na usimlaumu muuzaji ukiona SSD ya 480 inasomeka 447. Watengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja, ilhali Windows hugawa kwa 1,024 mara tatu. Kwa hesabu hiyo diski ya 500 huonekana 465, na ya terabaiti moja huonekana 931. Hapo hujaibiwa. Anayeibiwa ni yule anayenunua diski ya nje ya "terabaiti 16" kwa bei ya chakula cha mchana. Ndani yake huwa na kadi ndogo ya kumbukumbu iliyofundishwa kudanganya: inapokea mafaili yote, inaonyesha majina yake yote, kumbe nafasi yake halisi ikijaa inaandika juu ya yaliyotangulia au inayatupa. Mwenye diski hugundua siku anayohitaji picha. Programu mbili ndogo za bure, H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux na Mac, huijaza diski yote kisha huisoma tena kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka. Diski yoyote ya bei ya ajabu ipitishwe hapo kabla ya kuaminiwa.

Muda nao una hesabu yake. Tundu la USB 2.0, kwa hali halisi, hupitisha megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde, kwa hiyo gigabaiti 300 zitakula zaidi ya saa mbili. Ukitumia USB 3.0, tundu ambalo mara nyingi lina plastiki ya bluu ndani, kinachokuchelewesha ni diski ya zamani yenyewe. Ikisoma megabaiti 100 kwa sekunde, kazi ileile inaisha kwa dakika 50. Zima kwanza ile tabia ya laptopu kulala yenyewe, na uhakikishe betri ni nzima. Kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati, usipate presha: diski inayotoa husomwa tu, haiandikwi, kwa hiyo vitu vyako viko palepale. Kilichopotea ni muda.

Hayo yote ni ya diski yenye afya. Diski inayogonga, ile inayotoa kisauti cha tik, tik, tik, ni habari nyingine. Ndani ya diski ngumu kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache. Kikigusa, kinakwangua, na kila dakika unayoiwasha "tuone kama itakubali" ni mkwaruzo mwingine. Iliyofikia hapo izimwe, na kama kilichomo kina thamani ipelekwe kwa mtu mwenye vifaa vya kuokoa data. Ambayo haijaanza kugonga lakini ina sehemu zisizosomeka, dawa yake ni programu ya bure ya mradi wa GNU iitwayo ddrescue, iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz. Hiyo hukusanya kwanza sehemu nzima zote, ikiziruka zinazokwama, kisha ndipo inarudi kuzibembeleza zile mbovu. Huandika pia kumbukumbu ya ilipofikia, hivyo hata ikikatizwa inaendelea ilipoachia. Programu nyingi za kawaida hufanya kinyume: hukwama kwenye sehemu mbovu ya kwanza na kuisugua hadi diski ikakata roho. Na tafadhali, kwenye diski ya namna hiyo usianze kwa kuendesha chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski. Ile hutengeneza mpangilio wa mafaili kwa kuandika, na diski inayokufa haitaki kuandikwa.

Utajuaje mapema? CrystalDiskInfo, ya bure, husoma taarifa ambazo diski hujiwekea juu ya afya yake. Rangi ya bluu ni salama. Ikiwa njano, nunua diski nyingine wiki hiyohiyo. SSD zina tabia mbaya zaidi kwa upande huu: hazina sahani wala kichwa, hazigongi, na mara nyingi hufa bila kuaga. Jioni ilikuwa nzima, asubuhi kompyuta haiioni kabisa.

Kampuni ya Marekani ya Backblaze, inayotunza diski zaidi ya laki mbili na kutangaza takwimu zake, iliripoti kwamba kwa mwaka 2023 kiwango cha vifo kilikuwa asilimia 1.4. Hizo ni diski zinazokaa kwenye chumba chenye kiyoyozi na umeme usioyumba. Yako inapanda bodaboda.

Kuna mambo mawili matatu ambayo mafundi huyajua ila hawayasemi mpaka yatokee. La kwanza ni fumbo la BitLocker, programu ya Windows inayoifumba diski isisomeke bila ufunguo. Laptopu nyingi za siku hizi, hasa zenye Windows 11, zina diski iliyofumbwa bila mwenyewe kujua, na baada ya kubadili diski skrini inaweza kudai ufunguo wenye tarakimu 48. Ufunguo huo mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kusajili kompyuta, ambayo kwa laptopu za mtumba inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa. Utafute kabla, na usimamishe BitLocker kabla ya kukloni. La pili: mara ya kwanza kuwasha baada ya kukloni, diski mpya iwe ndani peke yake. Diski ya zamani na mpya sasa ni pacha wenye alama moja ya utambulisho, na Windows ikiwaona wote wawili humzima mmoja, au wewe mwenyewe unaendelea kufanya kazi kwenye ya zamani ukidhani uko kwenye mpya. La tatu ni leseni. Ya Windows imefungamanishwa na bodi mama, kwa hiyo kubadili diski ndani ya mashine ileile hakuigusi. Kuipeleka diski hiyo kwenye mashine nyingine ni jambo jingine.

Diski ya zamani usiifute upesi. Iweke kando wiki kadhaa, hadi umeshafungua kila unachokitegemea: programu ya uhasibu, barua pepe, zile picha. Baadaye ukitaka kuiuza, ukumbuke kwamba kufuta mafaili hakufuti kilichoandikwa, kunaondoa jina tu kwenye orodha. Simson Garfinkel na Abhi Shelat, wakiwa MIT, walinunua diski 158 zilizotumika na kuchapisha matokeo mwaka 2003. Kati ya 129 zilizofanya kazi, zilizosafishwa ipasavyo zilikuwa 12. Ndani ya nyingine walikuta zaidi ya namba 5,000 za kadi za benki, barua za mapenzi na taarifa za wagonjwa. Soko la mitumba la kompyuta linaendesha upelelezi ambao hakuna aliyeuomba.

Sasa tuje kwa kirusi.

Tarehe 27 Juni 2017 programu haribifu iliyokuja kuitwa NotPetya ilitokea Ukraine, ikipitia masasisho ya M.E.Doc, programu ya uhasibu inayotumiwa na makampuni mengi ya huko. Ilijifanya inadai fidia, lakini hata aliyelipa asingerudishiwa kitu, kwa kuwa ilivuruga orodha ya mafaili ya diski nzima na ufunguo wa kuifumbua haukuwepo. Mwaka uliofuata Uingereza na Marekani zilisema mhusika ni jeshi la Urusi; Urusi ilikana. Miongoni mwa walioangushwa ilikuwa Maersk ya Denmark, ambayo makontena yake hushushwa Mombasa na Dar es Salaam kama yanavyoshushwa Rotterdam. Skrini zilizimika moja baada ya nyingine makao makuu Copenhagen, simu za ofisini zikakata, na kwenye baadhi ya bandari malori yakapanga foleni nje ya mageti yasiyojua kontena gani ni la nani.

Maersk hawakuwa watu wasio na bakapu. Seva zao nyingi zilikuwa na nakala za siku tatu hadi saba zilizopita. Walichokosa ni nakala ya aina moja tu ya seva, zile zinazoshika orodha ya watumiaji wote na nani anaruhusiwa kuingia wapi. Bila hizo, nakala nyingine zote hazina pa kusimama. Seva hizo zilikuwa 150 hivi, zimetawanywa duniani, na kila moja ilikuwa ikinakiliana na wenzake muda wote. Hesabu ya wahusika ilikuwa kwamba ikifa moja, 149 zipo. Haikumwingia mtu akilini kwamba zote zingefutwa kwa mpigo mmoja. Zote zilikuwa hewani, zimeunganishwa. Kilichoingia kwa moja kikaingia kwa zote.

Ikabaki moja, na ilikuwa Ghana. Kabla ya NotPetya kufika, umeme ulikatika kwenye ofisi ya huko na mashine ikazimika. Andy Greenberg, aliyeandika kisa hiki kwenye jarida la Wired mwaka 2018, anaeleza yaliyofuata. Waokoaji walikuwa wamejikusanya Maidenhead, magharibi mwa London, na walipojaribu kuivuta nakala hiyo kwa intaneti waliona ingechukua siku kadhaa, maana ilikuwa na mamia ya gigabaiti na njia ya kutokea Ghana ilikuwa nyembamba. Wakaamua mtu aibebe kwa ndege. Katika wafanyakazi wa Ghana hakukuwa na hata mmoja mwenye viza ya Uingereza. Basi ikawa mbio za kupokezana: mmoja akaruka kutoka Ghana hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski uwanjani, na huyo akapanda ndege ya saa sita na nusu kwenda Heathrow. Kwa diski hiyo moja, mtandao wa kampuni inayoendesha sehemu kubwa ya biashara ya makontena duniani ukaanza kujengwa upya. Mwenyekiti wa bodi, Jim Hagemann Snabe, aliuambia mkutano wa Davos Januari 2018 kwamba walisimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kumi. Hasara kampuni yenyewe iliikadiria kuwa dola milioni 250 hadi 300.

Sisi tunaolalamikia TANESCO, KPLC na ndugu zao kila jioni tuna haki ya kutabasamu kidogo. Lakini ona kilichookoa ni nini hasa. Ile seva ya Ghana haikuwa bora kuliko nyingine, na nakala iliyokuwa ndani yake ilikuwa ileile iliyokuwa kwenye nyingine zote. Ilipona kwa sababu ilikuwa imezimika.

Ndiyo maana nasema pacha aliyechomekwa kwenye kompyuta saa ishirini na nne si akiba. Diski ya nje inayoning'inia kwenye laptopu muda wote itafumbwa na kirusi kilekile, itaungua na radi ileile, na mwizi ataichukua kwenye begi lilelile. Huduma za kusawazisha kama Google Drive na OneDrive zina kasoro ya jamii moja na ile ya Maersk: ukifuta folda kwenye laptopu, inafutwa na kule, na unabaki na siku 30 hivi za kuitafuta kwenye kikapu cha taka. Ni nzuri kwa laptopu iliyoibiwa. Kwa faili lililoharibika mwezi wa tatu ukagundua mwezi wa saba, hazitoshi.

Kukloni kwenyewe kuna mpaka huohuo. Pacha ni wa siku moja. Ukikloni leo juu ya pacha wa mwezi uliopita, wa mwezi uliopita hayupo tena, na kama faili la mishahara lilikwisha kuharibika wiki mbili zilizopita, sasa una nakala mbili safi za faili bovu. Kwa akiba, afadhali taswira ya diski: Clonezilla hiyohiyo, badala ya kumwaga diski juu ya diski, inaweza kuikunja yote ndani ya folda moja yenye tarehe, tena kwa kuibana ipungue ukubwa. Diski ya nje ya terabaiti moja itabeba taswira kadhaa za laptopu ya kawaida. Ukitaka kurudi Januari, unarudi Januari. Pacha mzima ninamshauri kwa mambo mawili tu: kuhamia diski mpya, na biashara isiyoweza kusimama hata nusu siku, kama famasi au duka la steshenari msimu wa shule kufunguliwa, ambako diski ya akiba iliyo tayari huwekwa ndani kwa bisibisi na kazi ikaendelea.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliieneza kanuni ya 3-2-1, na mpaka leo sijaona iliyo bora: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Kwa mtu wa kawaida huku kwetu, tatu hizo ni laptopu yenyewe, diski ya nje inayochomekwa mara moja kwa wiki kisha ikachomolewa, na diski nyingine inayokaa kwa shangazi au kwa rafiki wa mtaa wa mbali, ikibadilishwa kila mara mnapotembeleana. Mawingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, yanakuja baadaye, kwa vile vichache visivyo na mbadala. Kupandisha gigabaiti 300 kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde huchukua siku tano na nusu za mfululizo, ukiachilia mbali bando. Maersk, pamoja na mabilioni yao, waliona tiketi ya ndege ni ya haraka zaidi.

Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ihesabiwe kuwa haipo. GitLab walikuwa nazo kadhaa za namna hiyo. Kwa hiyo kabla hujaingia sura inayofuata, chomeka diski yako ya akiba, fungua kutoka humo faili moja la mwaka juzi, hakikisha linasomeka, kisha uichomoe. Kama huna diski ya akiba, hiyo ndiyo ya kununua kwanza, kabla ya kipanya kipya na kabla ya begi.